Wifi Kaltumu na Watu wa Mkono wa Kushoto

Wifi yangu Kaltumu hakuwa na maneno mengi juu ya sinema. Ukimuuliza ya jana ilikuwaje, kwanza alimaliza kukaza uzi wa kikapu alichokuwa anafuma, ndipo akakupa sentensi mbili tatu, na mwisho akakata kauli kwa neno moja kati ya mawili: nendeni, au kaeni nyumbani. Mwaka 1971, niliporudi Arua na talaka yangu mkononi nikahamia kwa kaka yangu Tahiru, nilikuta nusu ya wanawake wa mtaa wetu hawavai kwenda kokote Jumamosi mpaka wasikie mke wa Tahiru amesema nini. Jambo hilo lilinikera. Nilijiuliza huyu mwanamke wa Koboko, ambako hakuna hata jumba la sinema, nani amempa ukadhi.

Lakini nami nilikuwa namuuliza kama wenzangu. Kuhusu filamu ya ndugu wawili waliopoteana kwenye treni wangali wadogo, alisema mama yao analia vizuri, ila mwanamke anayepeleka watoto wawili stesheni bila kushika mkono hata wa mmoja asitafute huruma kwa watu; nendeni. Ya wazungu wenye farasi alisema ni masaa mawili ya kufukuzana, na katika masaa yote hayo hakuona mtu akipika, kwa hiyo hakuelewa wanapata wapi nguvu ya kupigana, kaeni nyumbani. Kuna moja ya serikali iliyoletwa na gari, ya kufundisha kulima tumbaku. Watu wote waliichukia. Yeye alisema hakuna aliyeimba, hakuna aliyeoa, lakini yale majani yalikuwa mazuri kuliko mchumba yeyote aliyewahi kumwona kwenye sinema, nendeni.

Yeye na mimi tulikuwa tukifuma tabaga, vile vifuniko vya chakula vya Kinubi vyenye rangi, na tukifuma tulitaniana, maana wifi na wifi bila utani hawakai nyumba moja. Mimi nilimwambia macho yake yamezoea giza kama ya popo. Yeye aliniambia mume wangu wa kwanza angekuwa filamu, yeye Kaltumu angesema kaeni nyumbani, na mimi sikukaa.

Lazima nieleze jumba lenyewe, maana bila hilo hakuna mtu atakayeelewa kilichotupata. Lilikuwa la Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Maonyesho yalikuwa Jumamosi na Jumapili saa tisa mchana, madirisha yakizibwa kwa magunia. Zamani wazee wa msikiti walikuwa wamemwambia yule Mhindi kwamba wake zao na dada zao hawatakaa benchi moja na wanaume wa soko zima. Naye hakutaka kupoteza wateja. Basi akafungua mlango wa nyuma, akapanga mabenchi upande wa pili wa kile kitambaa cheupe kinachoonyeshewa picha. Kitambaa kilikuwa chepesi cha marekani, picha ilipenya. Wanaume walikaa mbele, mashine ikiwa nyuma yao. Sisi tulikaa nyuma ya kitambaa, tukiangalia picha zilezile, na hakuna mwanamume aliyetuona wala sisi hatukumwona. Wasichana waliosoma shule ya Mvara walikaa mbele na kaka zao, na hawakutusemesha.

Sisi tuliona tumepata upande bora. Joto lilikuwa pungufu, na kwa sababu wanaume hawapo tuliweza kulia kwa sauti.

Kaltumu alikuwa amekaa benchi lile tangu mwaka 1968, na katika hukumu zake zote kulikuwa na jambo moja alilolirudia kwa mshangao. Watu wa sinema ni mashoto. Wote. Mzungu anachomoa bastola kwa kushoto. Bwana arusi wa Kihindi anamlisha mkewe kwa kushoto, na mke anafungua kinywa bila aibu. Kwetu sisi Waislamu mkono wa kushoto una kazi zake na kazi hizo si za mezani, kwa hiyo jambo hili lilimsumbua. Alikwenda mpaka kwa mke wa yule Mhindi kumchungulia akila. Alikuta anakula kwa mkono wa kulia safi kabisa. Kaltumu akarudi akasema huyu amejifunza adabu kwetu.

Tena yeye alisoma chuo cha Kurani akiwa mdogo, anazijua herufi za Kiarabu. Mwanzoni mwa filamu za Kihindi hutokea maandishi ya aina tatu, na mojawapo ni herufi hizo. Hakuweza kuzisoma hata moja. Alisema Wahindi wameziazima herufi za Kurani wakazigeuza mgongo ili wasidaiwe. Sisi tukacheka, tukaamini.

Mwaka 1972 Wahindi waliondoshwa nchini na yule wa duka la vitambaa akaenda na wenzake. Jumba akapewa mtu mwingine ambaye hakulijali, lakini Constantino alibaki. Constantino ndiye aliyekuwa anaendesha mashine, Mkristo aliyekimbia vita ya Sudan, na vita ilipokwisha na wenzake wakarudi kwao, alisema mashine haina mtu mwingine. Alionesha zile filamu zilizobaki tena na tena. Mara mojamoja basi lilileta mpya kutoka Kampala, na hapo ndipo tulipowaona Wachina wanaoruka. Kaltumu alisema wanapiga kelele kabla ya kupiga ngumi, na mwizi mwenye akili angetumia wakati huo kukimbia. Nendeni, lakini mkae mbali na watoto wenu siku mbili baadaye.

Kitambaa cha Mhindi kikachakaa. Siku moja mwaka 1974 tuliingia mapema tukakuta mtu juu ya ngazi upande wetu, anashona mpasuko uliotoka juu mpaka katikati. Alikuwa fundi cherehani wa soko, jina lake Asuman, mtu wa Abuku, aliyefiwa na mke, wa miaka kama arobaini. Alishona kwa mkono wa kushoto, haraka, bila kutuangalia, kisha akashuka na kutuomba radhi kwamba amechelewa. Kaltumu akanigusa ubavuni kwa kiwiko. Akasema kwa sauti ya chini huyu ameanguka kutoka kwenye filamu.

Mimi sikucheka. Niseme kweli: nilimpenda pale pale, kwa namna alivyokata uzi kwa meno na kuupapasa mshono wake kuona kama utaonekana. Ulionekana. Tangu siku ile kila uso mkubwa kwenye sinema ulipita na kovu katikati, na kila nikiliona kovu moyo ulinidunda. Nikaanza kupata nguo nyingi za kushonesha.

Baada ya miezi mitatu akapeleka barua ya kuposa. Baba yetu alikuwa amefariki. Mwenye kauli juu yangu alikuwa baba mkubwa Ramathan, aliyekaa Koboko, askari mstaafu wa zamani za Waingereza, mtu wa taratibu. Akamwita Asuman aje aonekane. Waliletewa sinia moja, kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa bamia, wanaume watano wakaizunguka pamoja naye. Asuman alikuwa amejifunza nyumbani kwake wiki nzima kula kwa mkono wa kulia, aliniambia mwenyewe. Tonge la kwanza likamwagikia mkeka. La pili likamwagikia kanzu. Baba mkubwa akamwuliza habari za Abuku, mvua imekuwaje, na Asuman akijibu juu ya mvua akajisahau, mkono wa kushoto ukaingia kwenye sinia mpaka vidole vyote.

Wanaume wanne waliinuka. Baba mkubwa hakuinuka, ila alinawa. Hakumtukana. Alisema tu kwamba mkwe ni mtu wa kula naye, na yeye hawezi kula naye.

Nilipoletewa habari nilijifungia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeshaachwa mara moja kwa sababu ya kutozaa, na nilijua mwingine wa kunitaka hatapatikana nyuma ya mlango. Kaltumu aligonga, akaingia bila ruhusa, akaketi kitandani na kikapu chake. Nilitegemea utani. Badala yake alianza kuhesabu kwa vidole. Yule aliyemtafuta mama yake miaka ishirini, mashoto. Yule aliyekubali kufungwa kwa kosa la ndugu yake, mashoto. Yule aliyemwoa kipofu. Alisema katika miaka sita ameona wanaume wema zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja wa mkono wa kulia. Kama nchi nzima zinaishi hivyo na wanawake wao wananenepa, basi baba mkubwa anapaswa kulisikia jambo hili.

Akapanda lori la Tahiru, ambaye alikuwa dereva wa tumbaku, akaenda Koboko. Huko alikaa siku nne kwa mama mkubwa Hawah, mke wa baba mkubwa. Wanawake wa Koboko hawakuwa na sinema yoyote isipokuwa mdomo wa Kaltumu. Kila alipokwenda walimkusanyikia na kazi zao za mkono, yeye akitoa hukumu fupi na wao wakimwaga maswali mpaka giza linaingia. Safari hii aliwaeleza watu wa mkono wa kushoto tu. Mama mkubwa Hawah alilia kwa yule aliyefungwa badala ya ndugu yake, kisha akampelekea mumewe maneno. Baba mkubwa Ramathan akasema vema, Ijumaa ya wiki ijayo Kaltumu aje aseme mbele yake na ndugu zake, na kama ushahidi ni wa kweli yeye si jiwe. Aliongeza kwamba hajawahi kumsikia Kaltumu akisema uongo.

Nilianza kushona gauni.

Jumapili kabla ya Ijumaa ile, wanaume wote wa mji waliitwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa serikali. Tulipofika jumbani, Constantino alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Alisema mbele hakuna hata mtu mmoja, na kama tunataka, tupite tukae kwenye viti vyenye migongo. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Tuliingia kama watu wanaoingia chumba cha mkwe, tukaketi, taa zikazimwa.

Ilikuwa filamu ya yule aliyefungwa kwa kosa la ndugu yake. Tulikuwa tumeiona mara nne. Maandishi yakatokea, na nikamsikia Kaltumu pembeni yangu akisoma. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na herufi hazikuwa zimegeuka mgongo. Kisha yule bwana akatokea, akaketi kwa mama yake, akala wali.

Kwa mkono wa kulia.

Kaltumu aliinuka. Akaenda kwenye ncha ya kitambaa, akapita nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi mbele, akasimama, akaenda tena nyuma. Wenzetu walimwambia akae. Hakukaa. Alikwenda na kurudi labda mara kumi, na mara ya mwisho alisimama kwenye ncha yenyewe ya kitambaa, ameshika pindo, jicho moja huku na jicho jingine kule, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaielewa mpaka leo. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi kwenye kiti chenye mgongo. Nilichokiona mimi ni sinia la Koboko na wanaume wanne wakiinuka.

Sinema ilipokwisha alimwendea Constantino na kumwuliza kama anajua. Constantino alishangaa kuulizwa. Alisema yeye anapita nyuma kila siku kufagia.

"Mama, mimi nafikiri watu yote iko najua," alisema. "Hata gari ikipita mbele yako inaenda kulia, na mutu ya ngambo inaona inaenda kushoto."

Njiani nilimshika Kaltumu mkono nikamwomba anyamaze. Nilimwambia wale wenzetu kumi hawajagundua, walikuwa wanaangalia vito vya mwanamke. Koboko hakuna jumba, hakuna atakayejua. Nilimwambia si uongo, ni kutosema. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika, kwamba yeye ana mume na watoto wanne na kwa hiyo ukweli kwake ni rahisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama niliona kwamba lile kovu la mshono wa Asuman, kwa upande wa mbele, linapita kwenye jicho jingine. Nilimwachia mkono, na siku nne sikumsemesha.

Ijumaa tulikwenda Koboko naye kwenye lori, sote wawili mbele pamoja na Tahiru, tukiwa kimya. Tahiru aliuliza kama kuna msiba.

Baba mkubwa Ramathan alikuwa ameketi uani na ndugu zake watatu, mama mkubwa Hawah na wanawake kando kwenye mikeka. Asuman alikuwa ameketi mbali, karibu na lango, mikono yote miwili ameiweka chini ya mapaja. Chai ikanywewa. Baba mkubwa akageukia upande wetu.

"Kaltumu, wewe iko mutu ya kusema kweli. Sema sasa. Hii watu ya sinema iko nakula na mukono ya kushoto?"

"Hapana, baba mukubwa," alisema Kaltumu. "Nakula na kulia. Mimi nadanganya nyinyi miaka sita, na mimi mwenyewe sikujua."

Mama mkubwa Hawah aliacha kufuma. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kisha nilitamani immeze yeye. Asuman alitoa mikono yake chini ya mapaja na kuiangalia.

Kaltumu hakuketi. Alimwomba mama mkubwa mtandio wake, uliokuwa mwepesi na ndege mmoja mkubwa katikati. Akautandaza juu ya kamba ya nguo, jua likiupiga. Akamwomba baba mkubwa abaki alipo, akamwita mama mkubwa asimame upande wa pili. Akawauliza ndege anatazama mkono gani. Baba mkubwa akasema kulia. Mama mkubwa akasema kushoto. Baba mkubwa akamwambia mkewe aangalie vizuri. Mkewe akamwambia yeye ndiye mwenye mtandio, ameuvaa mwaka mzima. Ndugu mmoja wa baba mkubwa akaenda upande wa mama mkubwa, akarudi, akaenda tena. Mwisho walikuwa wote wanazunguka kamba ya nguo, wazee wanne wenye kofia, na nilimwona Asuman amesimama langoni anajizuia kucheka.

Walipochoka, Kaltumu akasema kile alichokifikiria siku nne ambazo mimi sikumsemesha.

"Yule bwana nafungwa juu ya ndugu yake. Mimi naona yeye iko na kushoto, na mimi nalia. Wanaume naona yeye iko na kulia, na wao nalia. Siku ile moja, saa ile moja. Mutu ni yeye tu, baba mukubwa. Mukono haikuongeza kitu na haikupunguza."

Akaketi, akachukua kikapu chake. Baba mkubwa Ramathan aliutoa mtandio kwenye kamba, akaukunja vizuri, akamrudishia mkewe. Kisha akasema kwamba amesikia, na kwamba Kaltumu angeweza kumdanganya na hakumdanganya. Lakini, akasema, mchuzi haupiti kwenye kitambaa kama picha.

Tulingoja.

Akasema ndoa ataitoa. Asuman ataoa, atakuja nyumbani kwake, ataketi na wanaume wenzake. Ila atawekewa sahani yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulioana baada ya mavuno. Kaltumu alipoulizwa na wanawake wa mtaa harusi ilikuwaje, alisema bibi arusi alilia kupita kiasi, chakula kilitosha, bwana arusi alishona suruali yake mwenyewe na ilionekana; nendeni. Mimi nilimwomba msamaha siku ya kupakwa hina, nilipokuwa siwezi kumshika mkono. Alinijibu kwamba nilimkasirisha pale tu nilipokataa kuongea habari za kovu.

Tangu hapo kila filamu aliiona mara mbili. Constantino alimruhusu kupita mbele maonyesho yakiwa na watu wachache. Alipata hukumu mpya: za Wachina ni bora kwa nyuma, kwa sababu vichwa vya wanaume havikuzuii, za Kihindi ni bora kwa mbele, kwa ajili ya herufi, za wazungu wenye farasi ni sawa pande zote, hakuna anayepika popote.

Na Asuman alikuwa na sahani yake. Ilikuwa ya bati jeupe yenye ukingo wa buluu, na mama mkubwa Hawah aliihifadhi Koboko juu ya kabati ili ipatikane kila tulipokwenda. Sikukuu zote, matanga yote. Wanaume wanne watano kwenye sinia, mume wangu hatua moja pembeni na sahani yake. Alisema hajali. Alitania kwamba yeye peke yake ndiye anayejua amepewa nyama ngapi. Lakini nilikuwa namwona kutoka jikoni, na kila mara, akimaliza, aliifuta ile sahani kwa majani na kuirudisha mwenyewe ndani, ili mwingine asiishike. Mimi niliichukia sahani ile kuliko mke mwenza.

Mwaka 1979 serikali ikaanguka, ile iliyohesabiwa kuwa ya watu wetu, na sisi Wanubi wa Arua na Koboko tukajua hakuna atakayengoja kutuuliza nani alifanya nini na nani hakufanya. Tahiru alitupakia kwenye lori tukafika Koboko, tukawachukua wazee, tukaelekea mpakani. Kabla ya kufika lori likaishiwa mafuta, tukaliacha, tukaingia Sudan kwa miguu na vitu vichwani. Constantino alikuwa ametutangulia siku mbili, na mashine hakuibeba. Kaltumu aliniuliza njiani, huku amebeba mtoto wa mtu mgongoni, kama nadhani kile kitambaa bado kimetundikwa.

Siku ya tatu tulikaa mahali penye kisima. Mtu mmoja wa kanisa la pale alitupa unga na maharage. Mimi na Kaltumu tulipika ugali mchana kwenye sufuria moja, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Tuliwatengea wanaume. Baba mkubwa Ramathan, amekonda, akaketi kwanza, ndugu zake wakafuata kulia kwake, Tahiru mwisho wao. Asuman alisimama upande wa Tahiru. Nilijua anatafuta nini kwa macho, nami nikapekua mizigo nikijua tayari kwamba haimo. Sahani ilikuwa imebaki Koboko juu ya kabati. Akasema yeye hana njaa, atakula watakapomaliza.

Baba mkubwa Ramathan aliinua kichwa. Alimwangalia Asuman, akaangalia sufuria, akaangalia namna walivyoketi, taratibu, kama askari anayepanga watu. Kisha akasogeza goti lake.

"Kuja huku kwa mwisho, upande yangu ya kushoto," alisema. "Hapo ngambo mukono yako itagonga ya Tahiru."

Asuman akaketi. Mimi niligeukia moto nikaanza kulia, na Kaltumu akanitwanga kwa kiwiko, akasema, kama tuko benchi lile la sinema, ninazuia watu wasione.